Gunia la maharage lina risiti, nyumba mpya haina dhamana

Sisi tunaovuka mipaka kutafuta riziki tuna tabia moja nzuri: hatuuamini mzigo mpaka tumeuona ndani. Ukinunua maharage pale Mutukula, unachoma gunia kwa bambo upate kuona yaliyo katikati, maana ya juu huwa yamechaguliwa. Ukinunua simu Kampala, unadai risiti na kadi ya waranti. Ukinunua betri ya sola Nairobi, hata kabla ya kuuliza bei unataka kujua: ikiharibika, namrudishia nani?

Halafu mtu huyo huyo anakusanya faida ya miaka 10, anakwenda kununua nyumba mpya, na swali lile halimtoki mdomoni. Anatazama marumaru zinazong'aa, anafungua bomba, anawasha taa na kuzima, anapiga picha, analipa. Kitu cha bei kubwa kuliko vyote atakavyonunua maishani kinapita bila bambo.

Nayasema haya kwa sababu ya mama mmoja wa Goma ambaye nimefanya naye biashara ya vitenge kwa miaka mingi. Tulijuana Kampala, kwenye vichochoro vya Kikuubo, kila mmoja akifunga mzigo wake. Sitamtaja jina, wala kampuni iliyomuuzia nyumba, kwa kuwa nia yangu si kumchafua mtu. Mlima Nyiragongo ulipolipuka Mei 2021, mama huyu alikimbia usiku na watoto, na tangu siku ile akaapa kuwa na paa jingine mbali na ule moto. Akaweka akiba. Akanunua nyumba mpya pembeni mwa Kampala, kwa hati ya pango kama sheria ya Uganda inavyomruhusu mgeni.

Alikabidhiwa funguo mwezi Juni. Akafunga mlango, akarudi Goma kuuza, kisha akaenda Dubai kufuata mzigo. Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimekolea, mlinzi akampigia simu kwamba maji yanadondoka kutoka darini. Naye akampigia msimamizi wa ujenzi. Jibu lilikuwa tamu: "Mama, usiwe na wasiwasi, tutalishughulikia." Akaendelea na safari zake.

Januari alipokuja kuhamia, jipsamu ya chumba cha watoto ilikuwa chini. Marumaru za sebuleni zilikuwa zimeinuka. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa unaoingia kidole. Akaenda ofisini kwa kampuni, nao wakamfungulia mkataba, ukurasa wa ndani kabisa, wakamwonyesha kifungu: muuzaji atarekebisha kasoro zitakazoonekana ndani ya miezi 6 tangu makabidhiano, endapo ataarifiwa kwa maandishi. Juni hadi Desemba. Muda umekwisha, mama, na simu si maandishi.

Alinipigia akiwa amekaa juu ya ndoo ya rangi katikati ya sebule yake. Akaniambia: "Kaka, kwetu muuzaji hawezi kukimbia kasoro iliyojificha. Hapa inawezekanaje?"

Swali lile ndilo lililonifanya niandike. Mama yule hakuwa mjinga, na kuhusu kwao alikuwa na haki. Alichokosea ni kudhani kwamba akivuka mpaka, sheria inavuka naye.

Tuanze na upande wake. Sheria ya mikataba ya Kongo, iliyoandikwa kwa amri ya tarehe 30 Julai 1888 na yenye mizizi katika sheria za Ubelgiji na Ufaransa, inamtaka muuzaji ajibu kwa kasoro zilizojificha katika kitu alichouza. Tena inasema jengo likiharibika lote au sehemu kwa sababu ya ujenzi mbovu, hata kama ubaya ni wa ardhi yenyewe, msanifu na mkandarasi wanawajibika kwa muda wa miaka 10. Mzizi wa kanuni hiyo ni sheria ya madai ya Ufaransa ya mwaka 1804. Watu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wamekua na fikra hiyo hata kama hawajasoma kifungu. Kwao ni jambo la kawaida kwamba aliyejenga ana deni na jengo.

Sasa vuka mpaka uje Uganda, Kenya au Tanzania. Huku mizizi ni ya Kiingereza, na Waingereza wa zamani walikuwa na msemo wao wa kisheria kuhusu nyumba na ardhi: mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Sheria za mauzo ya bidhaa zinakulinda ukinunua jokofu au pikipiki, maana bidhaa lazima ifae kwa kazi yake. Nyumba si bidhaa katika macho ya sheria hizo. Kwa hiyo mnunuzi wa nyumba iliyokwisha kujengwa, kwa ujumla, anapata kile tu kilichoandikwa kwenye mkataba wake. Mkataba ukisema miezi 6, ana miezi 6. Ukinyamaza, naye atajikuta kimya.

Ndiyo maana nasema jokofu lililomo jikoni linaweza kuwa na waranti ndefu kuliko jiko lenyewe.

Niseme jambo moja ambalo wengi hawalijui, na ambalo lilimsaidia kidogo mama yule baadaye. Ile miezi 6, ambayo mafundi wa Tanzania huiita kipindi cha matazamio, ni muda ambao mjenzi ana wajibu wa kurudi kurekebisha mwenyewe. Kwisha kwa muda huo hakufuti kila haki. Kama mkataba uliahidi kazi nzuri na vifaa vinavyofaa, na ahadi hiyo ikavunjwa, sheria za Kenya, Tanzania na Uganda zinatoa miaka 6 ya kufungua shauri la kuvunjwa kwa mkataba. Tatizo ni pale mkataba usipoahidi chochote, au uliposema wazi kwamba baada ya miezi 6 muuzaji hadaiwi tena. Kwa hiyo "muda umekwisha" mara nyingine ni kweli, na mara nyingine ni maneno ya kumchosha mnunuzi arudi kwao. Mtu anayeishi mtaa wa pili atarudi kesho na wakili. Mtu anayeishi ng'ambo ya mpaka atapiga hesabu ya nauli, hoteli na duka lililofungwa, atakata tamaa.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa mipakani anapoumia kuliko mnunuzi mwingine yeyote. Saa ya dhamana inaanza kuhesabu siku ya makabidhiano, haingoji uhamie. Wewe uko Dubai, saa inatembea. Uko barabarani Rusumo unangoja lori, saa inatembea. Nyumba iliyofungwa haina wa kusikia bomba linavuja ndani ya ukuta.

Je, wenzetu wanafanyaje? Sina haja ya kwenda mbali, maana Dubai wengi wetu tunaijua kuliko miji mikuu ya jirani zetu. Anayenunua nyumba mpya kule, sheria inamfunga mwendelezaji kurekebisha mitambo ya maji, umeme na viyoyozi kwa mwaka 1 tangu makabidhiano, na kasoro za mhimili wa jengo kwa miaka 10 tangu cheti cha kukamilika. Hilo liko kwenye sheria. Mnunuzi halazimiki kulibembeleza. Ufaransa wana ngazi tatu: mwaka 1 kwa kila kasoro iliyoonekana, miaka 2 kwa vifaa vinavyoweza kutenganishwa na jengo, miaka 10 kwa yale yanayotishia uimara wa jengo au kulifanya lisikalike. Na tangu sheria ya mwaka 1978, mjenzi wa Ufaransa lazima awe amekata bima kwa ile miaka 10.

Uingereza, ambako tulirithi ule msemo wa mnunuzi ajihadhari, wao wenyewe hawakukaa nao. Mwaka 1936 kiliundwa chombo ambacho leo kinajulikana kama NHBC, kinachotoa dhamana ya miaka 10 kwa nyumba mpya. Miaka 2 ya kwanza mjenzi anarudi kurekebisha. Akigoma au akifilisika, chombo kinachukua mzigo. Kuanzia mwaka wa 3 hadi wa 10 inabaki bima ya uharibifu mkubwa, hasa wa msingi, kuta na paa. Mwaka 1972 Bunge lao likatunga sheria inayomtaka kila anayejenga makazi ayajenge yakalike. Na baada ya jengo la Grenfell kuungua London tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72, wakaona hata muda waliokuwa nao hautoshi. Mwaka 2022 waliongeza muda wa kudai chini ya sheria hiyo ya 1972 kutoka miaka 6 hadi 15 kwa nyumba mpya, na hadi miaka 30 kwa zile zilizokwisha kujengwa kabla.

Sisi tulipokea msemo, hatukupokea marekebisho yake.

Msomaji asidhani nasifu kila cha ng'ambo. Dhamana hizo zina mipaka yake na ni vizuri kuijua. Hazilipi uchakavu wa kawaida. Hazilipi ufa mwembamba wa lipu inayokauka. Hazilipi ukuta uliouvunja wewe kupanua duka la mbele, wala shimo la maji taka lililojaa kwa kutonyonywa. Wajenzi wa huko nao hubishana, na wanunuzi hulalamika. Lakini wanabishania karatasi iliyopo. Mama yule wa Goma alikuwa anabishania huruma.

Kuna somo jingine ndani ya mifano hii, na kwangu mimi ndilo kubwa: ahadi ina thamani ya yule aliyesimama nyuma yake. Kampuni nyingi zinazouza nyumba huundwa kwa mradi mmoja. Nyumba zikiisha kuuzwa, kampuni inabaki jina kwenye faili. Ukiwa na dhamana ya miaka 10 kutoka kwa kampuni itakayokufa baada ya miaka 3, una karatasi ya kufungia vitumbua. Ndiyo sababu Wafaransa walilazimisha bima, na Waingereza wakaweka chombo cha pembeni.

Na bima inafanya kazi ya pili ambayo haionekani. Anayejua kwamba atalipa msingi ukititia mwaka wa 8 hawezi kulala. Anatuma mkaguzi wake kabla shimo la msingi halijafukiwa, kabla zege halijamwagwa, kabla paa halijafunikwa. Mkaguzi huyo hatafuti chai, analinda fedha ya bosi wake. Tunahitaji macho hayo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, soko ambalo wengi wanaosoma ukurasa huu wameegemea kuta zake wakihesabu fedha, na wenzetu wakafia chini ya kifusi. Miaka 8 kabla yake, Aprili 2016, jengo la makazi lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua. Hakuna dhamana inayomfufua mtu. Lakini mfumo unaomlazimisha mwenye fedha kukagua nondo na saruji mapema unaweza kuokoa watu ambao hatutawajua kamwe, kwa kuwa jengo lao halitaanguka.

Tunazo bodi za kusajili wakandarasi, na kila nchi ina taratibu zake za vibali. Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, Uganda ina Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi tangu 1997. Kazi yao kubwa ni kusimamia mjenzi kwa niaba ya serikali. Mnunuzi anayetaka ukuta wake uzibwe hapati kwao fundi wala hundi. Ndilo pengo ninalolisema.

Sasa nije kwenye jumuiya yetu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Inatupa uhuru wa kupeleka bidhaa, huduma, kazi na mitaji. Lakini ilipofika kwenye ardhi na majengo, kifungu cha 15 kikasema mambo hayo yatafuata sera na sheria za kila nchi. Naelewa sababu. Ardhi ni jambo zito, na kila taifa lina majeraha yake. Sidai leo kwamba Mkongo apewe umiliki wa ardhi Tanzania au Mtanzania apewe Kenya kwa masharti ya mwenyeji. Hilo waachiwe wenye katiba zao.

Ila dhamana ya ujenzi si ardhi. Ni ahadi ya kazi nzuri. Anayeahidi ni mkandarasi, na ukandarasi ni huduma. Kama tumekubali kampuni ya nchi moja kwenda kujenga nchi nyingine, kwa nini deni la kazi yake lisivuke nayo?

Tena hatuanzi kutoka sifuri. Kila dereva wa lori anayesoma gazeti hili anaijua Kadi ya Njano ya COMESA. Lori la Kenya likimgonga mtu Rwanda, majeruhi haendi Mombasa kutafuta kampuni ya bima. Kuna ofisi nchini mwake inayoshughulikia madai, na makampuni yanamalizana yenyewe nyuma ya pazia. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ziko ndani ya mpango huo. Kama tumeweza kwa ajali inayotokea kwa sekunde moja barabarani, hatuwezi kwa nyumba isiyohama?

Ninachopendekeza kwa Bunge la Afrika Mashariki na kwa mawaziri wetu ni mambo matatu.

La kwanza ni kiwango cha chini cha pamoja ambacho mkataba hauwezi kukishusha: mwaka 1 kwa kasoro zote zinazoonekana, miaka 2 kwa mabomba, umeme na vifaa, na miaka 10 kwa msingi, nguzo, kuta zinazobeba jengo na paa. Kongo tayari wana ile miaka 10 kwa mjenzi. Waliotia saini kujiunga nasi Aprili 2022 wasilazimike kuacha kilicho bora nyumbani kwao ili wafanane na sisi. Mara nyingi tunadhani utangamano ni mgeni kujifunza desturi za mwenyeji. Hapa mwenyeji ana cha kujifunza kwa mgeni.

La pili ni bima nyuma ya ahadi, pamoja na ukaguzi wa hatua kwa hatua. Wa kusukuma hili wapo: benki. Uingereza, benki nyingi hazikopeshi nyumba mpya isiyo na dhamana inayotambulika, basi wajenzi wakajipanga foleni kuitafuta bila kupigiwa kelele na bunge. Benki zetu zinashika hati kwa miaka 15 au 20. Nyumba ikititia mwaka wa 6, rehani nayo imetitia. Kwa maslahi yao wenyewe zingeanza kuuliza.

La tatu ni kudai ukiwa kwenu: fomu moja, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, inayopokelewa na ofisi ya bima ya nchi yako kama ilivyo Kadi ya Njano. Mama yule alitia saini mkataba wa Kiingereza. Anasoma Kifaransa vizuri na Kiswahili vizuri. Kile kifungu cha miezi 6 alikiona kwa mara ya kwanza siku kilipotumiwa dhidi yake.

Najua watakaopinga watasema nyumba zitapanda bei. Zitapanda kidogo, ndiyo. Bima ya mzigo nayo inaongeza gharama ya kontena, na bado tunaikata, maana tumeona kontena zikizama. Mama wa Goma ameilipa bima yake tayari, ila ameilipa baada ya hasara, yote kwa mkupuo mmoja, na bila kampuni ya kumrudishia.

Wengine watasema wengi wetu hatununui nyumba zilizojengwa na makampuni. Tunanunua kiwanja, tunaita fundi, tunapandisha tofali moja moja kila mzigo ukiuzika. Ni kweli, nami nimejenga hivyo. Lakini hata huyo fundi anaweza kufungwa na kanuni ile ile kwa karatasi moja. Katika mikataba mikubwa ya ujenzi, mwenye kazi huzuia asilimia 5 hadi 10 ya malipo. Nusu anaiachia kazi ikikamilika, nusu iliyobaki anaiachia kipindi cha matazamio kikiisha na kasoro zikiwa zimerekebishwa. Fedha iliyozuiwa humkumbusha fundi njia ya kurudi kwako kuliko simu mia. Mwandikie, atie saini, shahidi awepo.

Wakati tunangoja wakubwa wakutane Arusha, tusikae mikono kifuani. Ukiwa unataka kununua nyumba mpya ng'ambo ya mpaka, haya yako mikononi mwako.

Usitie saini lugha usiyoisoma. Dai tafsiri, au lipa mtu akusomee kifungu kwa kifungu mbele ya wakili wako, si wakili wa muuzaji. Tafuta neno la kasoro na neno la muda. Kama ni miezi 6, omba mwaka 1 kwa kasoro za kawaida na miaka zaidi kwa mhimili wa jengo. Watakataa mara ya kwanza. Bei nayo hukataliwa mara ya kwanza, na bado tunashusha.

Hakikisha mkataba unasema wazi kwamba nyumba imejengwa kwa ufundi mzuri, kwa vifaa vinavyofaa, kwa kufuata ramani iliyoidhinishwa, na kwamba inakalika. Sentensi hiyo moja ndiyo inayofungua ile miaka 6 ya kwenda mahakamani. Na futa kila kifungu kinachosema baada ya muda fulani huna dai lolote.

Omba saa ianze siku utakayohamia, au siku utakayopata cheti cha kukalia, ipi itakayochelewa. Kwa mtu wa safari hili lina uzito kuliko punguzo la bei.

Siku ya makabidhiano usiende peke yako. Nenda na mhandisi au fundi mzoefu asiyelipwa na muuzaji. Mwage maji bafuni, mwache bomba zote wazi, mgongegonge marumaru msikilize iliyo tupu chini, mpande darini. Andikeni orodha ya kasoro, pande zote zitie saini, kila mmoja abaki na nakala. Kama unaweza, bakiza sehemu ya malipo mpaka orodha iishe.

Ukiondoka, mwachie mtu ufunguo na umpe mamlaka kwa maandishi ya kuripoti kasoro kwa niaba yako. Aingie ndani kila mwezi, na kila baada ya mvua kubwa. Chochote atakachoona, kipelekwe kwa barua au barua pepe siku hiyo hiyo, na picha zenye tarehe. Ukipiga simu, ifuatishe na ujumbe: "Kama tulivyozungumza leo..." Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nyumba ni mali.

Mwisho, andikeni mtagombania wapi. Pande mbili za mkataba wa kibiashara zinaweza, kwa kifungu cha usuluhishi, kuipa Mahakama ya Afrika Mashariki kazi ya kuamua mgogoro wao. Mkataba wa Jumuiya unaruhusu hivyo katika kifungu cha 32. Si rahisi na si bure, na kwa nyumba ndogo msuluhishi wa karibu anaweza kufaa zaidi. Muulize wakili. Muhimu ni kwamba mahali pa kudai pawe pamekubaliwa kabla ya ugomvi.

Mtauliza yule mama iliishaje. Mhandisi aliandika ripoti, wakili akaandika barua akiutaja ule wajibu wa ufundi mzuri uliokuwa kwenye ukurasa wa 3. Baada ya miezi mingi ya kuja na kurudi, kampuni ilikubali kurekebisha paa na dari. Ufa wa ukuta wa nyuma walisema ni wa udongo, si wao. Ameuziba kwa fedha ya vitenge. Alikosa safari mbili za mzigo mwaka ule, na mteja mmoja mkubwa wa Bukavu akahamia kwa mwingine.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walituachia sisi kuamua nani alipie saruji. Wenzetu wameamua muda mrefu kwamba alipe aliyejenga vibaya. Kwetu Goma imeamua hivyo, Kampala bado. Kati ya miji hiyo miwili kuna mpaka mmoja, na bendera za Jumuiya zinapepea pande zote mbili.

Nilipomtembelea mara ya mwisho, watoto walikuwa wanafanya kazi za shule kwenye meza iliyosogezwa mbali na ukuta ule wa nyuma. Nikamuuliza kwa nini wasikae pale penye mwanga. Akaniambia: "Acha kwanza mvua za masika zipite, kaka. Tuone."